Kuiuliza Swichi Yenyewe

Wateja wangu hapa Mombasa wanapenda skrini za rangi: kijani mtandao uko sawa, nyekundu umekufa. Nawafungia, sina neno. Ila mambo yakiharibika mimi hufungua dirisha jeusi la amri na kuandika snmpget, amri ya kukiuliza kifaa cha mtandao hali yake, na kadiri miaka inavyosonga ndivyo ninavyozidi kuiamini amri hii.

Jana nilikuwa kwenye jengo moja upande wa Kilindini. "Fundi, intaneti ipo lakini haipo," dada wa mapokezi akaniambia, na kweli skrini yao ilikuwa kijani tupu. Haishangazi: ile hupima tu kama kifaa kinaitikia kikiitwa. Nikaiuliza swichi, kile kifaa kinachounganisha kebo za mtandao wa jengo, idadi ya pakiti mbovu (vipande vya data vilivyoharibika) zinazoingia, ifInErrors.7, yaani kwenye mlango wa 7, wa kebo inayoshuka kutoka paani. Namba ikaja. Namba moja peke yake haisemi kitu, kwa sababu hujui makosa yalianza lini. Nikangoja kidogo, nikauliza tena: imepanda kwa mamia, na milango mingine haijasogea.

Nikapanda juu. Kifuniko cha kiboksi kilikuwa kimelegea, na vile vijino vya shaba kwenye kichwa cha kebo vimeota kutu ya kijani, unga kabisa, ukigusa unabaki kidoleni. Chumvi ya bahari haina huruma. Nikakata, nikabana kichwa kipya, nikafunga kiboksi sawasawa. Kuuliza tena, namba imetulia palepale.

Itifaki yenyewe, SNMP, yaani lugha ambayo snmpget huitumia kuuliza vifaa, ni ya mwaka 1988. Ndani ya swichi au ruta hukaa programu ndogo, wakala, inayosikiliza bandari ya 161 ya UDP (namba tu ya kupokelea ujumbe, si tundu la kebo), na kila jambo inalolijua lina anwani ya tarakimu. Ukiuliza 1.3.6.1.2.1.1.3.0 itakujibu imekuwa macho muda gani, kwa mia za sekunde. (Kihesabu hicho ni cha biti 32, kwa hiyo baada ya siku kama 497 hurudi sifuri. Usikimbilie kusema umeme ulikatika.)

Kinachoniuma ni neno "public". Vifaa vingi huja nalo kama neno la kupitia, na wengi hawalibadilishi. Toleo la 1 na la 2c la SNMP hulipitisha neno hilo wazi mtandaoni, anayechungulia analisoma. Toleo la 3, lililokamilika kama kiwango mwaka 2002, linathibitisha muulizaji na kuficha mazungumzo kwa msimbo. Swichi za jengo lile zinaliweza tangu zilipotoka kiwandani, lakini jana zote zilinijibu kwa "public".

Nilimweleza meneja. Swali lake la kwanza lilikuwa bei. Nikamwambia, bosi, hakuna cha kununua, ni saa zangu tu. Amekubali. Jumatatu naanza na ruta ya nje, kisha swichi za ghorofani, na "public" naifuta kila mahali.