Bonde Linalotunza Maji na Baridi

Ni katikati ya Julai, na hapa kwetu, mwendo mfupi kutoka mjini Njombe, hakuna anayetoka nje alfajiri bila koti na kofia ya sufu. Wageni wanaotoka Dar es Salaam hushangaa kuikuta baridi ya namna hii ndani ya nchi ileile, lakini tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wenzetu wa Makete, kuelekea uwanda wa Kitulo, wako juu zaidi. Mimi nimezaliwa katika baridi hii na bado sijaizoea, jambo ambalo mama hulihesabu kuwa kasoro ya tabia.

Shamba letu ni ekari tatu tu. Kwenye mteremko kuna mahindi, ambayo tumekwisha kuyavuna, pamoja na miche ya parachichi niliyoipanda mwaka juzi. Chini bondeni kuna kinyungu, yaani matuta yaliyo kando ya kijito, mahali ambapo udongo hubaki na unyevunyevu hata baada ya mvua kukatika mwezi Mei. Mlimani kukiwa kumekauka kabisa, kinyungu ndicho hutupatia mboga, maharage na viazi mviringo, na anayewahi kupanda huuza wakati sokoni kuna uhaba. Kwa sababu hiyo kila mwaka nashawishika kuwahi, na kila mwaka mama hunikumbusha kwamba baridi nayo ina zamu yake.

Ugumu wa kinyungu ni kwamba bonde linalotunza maji ndilo linalotunza baridi. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake upesi, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka polepole kufuata mteremko mpaka ikatuama chini kabisa. Ndiyo maana miche yangu ya parachichi, iliyo hatua mia mbili tu juu ya kijito, haijaguswa, ilhali maharage ya bondeni yameungua. Vitabu huita jambo hili sakitu. Sisi tunasema barafu imepiga, na kila mtu anaelewa hasara ilivyo.

Jumatano ilipiga. Jioni iliyotangulia mama alisema tuamke saa kumi na moja tukamwagilie matuta, maana majani yakioshwa barafu kabla ya kuchomwa na jua, mengi hupona. Niliitikia vizuri sana, kisha nikajifunika mablanketi mawili na kuamka saa moja. Nilipofika bondeni nyasi zilikuwa nyeupe na zikivunjikavunjika chini ya mabuti, na majani ya maharage yalikuwa yamesimama wima, magumu kama kola iliyotiwa wanga, kila jani limezungushiwa ukingo wa chembe nyeupe. Kwa kweli yalipendeza, hata nikajidanganya kwamba yamesalimika. Jua lilipovuka kilima yakaanza kulegea, na kufikia saa nne matuta matatu ya karibu na maji yalikuwa meusi na yamelowa, mithili ya mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Kabichi hazikuonyesha hata dalili ya kuudhika. Viazi navyo vimeungua majani, lakini mama amenikataza kuving'oa, kwa kuwa mbegu iliyo chini bado ni hai na inaweza kuchipua tena. Kuhusu saa niliyoamka hakusema neno, na ningependelea angesema.

Siku zilizobaki za wiki zimepita katika kazi ndogondogo za msimu huu. Ng'ombe wetu, ambaye mwezi wa nne alikuwa akitoa lita saba, sasa anatoa nne kwa taabu, maana majani mabichi yamekwisha na anakula mabua ya mahindi tunayomkatia na kumchanganyia pumba. Ndama tumemhamishia kwenye kona isiyopigwa na upepo. Mahindi ya chakula yako darini, juu ya moto wa jikoni, yakiendelea kukaushwa na moshi, nayo yameanza kuvaa ule weusi ambao watoto wangu waliozoea mjini huuita uchafu.

Jioni sote huhamia jikoni kuota moto wa kuni, na sebule yenye makochi hubaki tupu hadi Septemba. Jiko la mkaa mama haruhusu lilale ndani ya nyumba, hata likiwa limebakiwa na makaa mawili. Kila kipupwe tunasikia habari za watu waliojifungia nalo chumbani wasiamke, kwa kuwa ile hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu ya kumshtua aliyelala.

Leo jioni upepo umetulia ghafla na nyota zimejaa. Mama amesimama mlangoni kwa muda, akatazama juu, kisha akaziweka ndoo mbili na keni karibu na kizingiti bila kunitazama. Nimeitega simu saa kumi na moja kasorobo. Mwanangu wa miaka tisa ameomba nimwamshe naye akaone barafu, na sasa hivi anatafuta soksi ya pili chini ya kitanda.