Tenki jipya, koki ya zamani

Nyumbani kwa mama, Newala, tumekunywa maji ya mvua tangu nikiwa mtoto, kwa kuwa juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito, na chemchemi ziko mbali chini ya mteremko. Maji yaliteremka kutoka kwenye mabati, yakapita kwenye gata na kuingia katika tenki la saruji lililojengwa ubavuni mwa nyumba. Tenki hilo lilipopasuka tuliweka la plastiki, tukaliunganisha na koki ileile ya shaba iliyokuwa jikoni. Miezi michache baadaye niliona mstari wa kijani chini ya koki, kwenye sinki jeupe, mahali ambapo tone huangukia usiku kucha.

Fundi bomba alisema ni uchafu wa kawaida. Nilipomtajia risasi, yaani ile metali laini yenye sumu, alicheka na kuuliza kama nyumba imepigwa bunduki, ingawa yeye mwenyewe huiita hivyohivyo ile waya anayoyeyushia kwenye viungo. Kwa kweli ule ukijani ni ishara ya shaba inayoliwa, wala hauthibitishi kuwepo kwa risasi. Hata hivyo, shaba ya njano ya koki nyingi huchanganywa na risasi kidogo ili ikatike vizuri kwenye mashine, na maji yanayoila shaba hayaiachi risasi iliyomo. Marekani yenyewe iliruhusu hadi asilimia 8 ya risasi katika vifaa vilivyoitwa visivyo na risasi, mpaka mwaka 2014 kiwango kiliposhushwa kuwa asilimia 0.25.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba koki haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni maji. Maji ya mvua ni laini, yana asidi kidogo na karibu hayana madini, kwa hiyo huyeyusha metali kwa urahisi. Tenki la saruji lilikuwa likiyapa chokaa kidogokidogo na kuipunguza asidi hiyo, bila yeyote kati yetu kujua kwamba tunatibu maji. Plastiki haiyapi kitu. Kosa la namna hiyo, kwa ukubwa wa kutisha, lilitokea Flint, Michigan, Aprili 2014, mji ulipoacha maji ya Detroit yaliyotiwa fosfeti na kuanza kuchota Mto Flint bila kuyatia dawa hiyo. Fosfeti hufanya utando mgumu ndani ya bomba la risasi. Ilipokosekana, utando ukaharibika na risasi ikaingia kwenye vikombe vya watoto.

Mama aliniambia, "Mwanangu, mimi nachemsha." Nilimweleza kwa upole kwamba kuchemsha huua vijidudu, lakini risasi hubaki palepale, na maji yakipungua kwa mvuke inakuwa nyingi zaidi kwa kila kikombe. Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 10 za risasi kwa lita kuwa kikomo cha mpito, huku likisema kwamba hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, na wajukuu wawili wanaishi humo ndani.

Tumebadilisha koki ya jikoni kwa ya plastiki. Kwenye mdomo wa tenki nimeweka ndoo iliyotobolewa, yenye vipande vya mawe ya chokaa vilivyooshwa vizuri, ili maji yapite humo kwanza. Karatasi za kupimia asidi zinaonyesha nafuu, ingawa karatasi hizo haziwezi kupima risasi. Kwa hiyo sampuli itapelekwa maabara. Inatakiwa lita moja ya maji yaliyolala ndani ya bomba saa sita au zaidi, yakingwe kabla ya mtu yeyote kufungua koki, na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu mama huamka kutawadha kabla ya adhana ya alfajiri. Tumekubaliana kwamba Ijumaa usiku atajiwekea maji ya udhu kwenye birika.