Marimba ya shimoni, Busoga

Mwaka 2008 ilitoka filamu ya Béla Fleck, Throw Down Your Heart. Fleck ni Mmarekani, mpiga banjo, ala ya nyuzi inayofanana na gita, katika jazz na bluegrass, muziki wa vijijini kwao, akafunga safari na ala yake kuja kuitafutia asili: Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Asili ya banjo iko Afrika Magharibi, lakini mimi nilinaswa na kipande cha Uganda. Wanakijiji wanatandaza mbao juu ya shimo, watu wanajazana pande zote mbili, na marimba moja inatikisa kijiji kizima. Nikasema hii sharti niione kwa macho yangu.

Basi la kutoka Dar sitaki hata kulikumbuka. Mutukula mpakani tuliungua jua, Kampala sikuona ila foleni, na gesti ya Iganga, huko Busoga mashariki mwa Uganda, ikanila shilingi 40,000 za Uganda kwa maji ya ndoo. Dereva wa boda naye, aliposikia Kiswahili changu, akapandisha bei.

Kijijini, mzee mwenye marimba aliwahi kuwa utingo wa malori ya Mombasa, kwa hiyo hatukuhitaji mkalimani. Vijana walikata migomba miwili, wakailaza kandokando ya shimo la kina cha goti, wakapanga mbao juu yake, kubwa kabisa ikiwa ndefu kuliko mkono wangu. Embaire, ndivyo wanavyoiita. Nilidhani nimekuja kutazama.

"Kaa hapa, kijana wangu," mzee akaniambia, akanipa fimbo mbili. "Piga hizi mbili tu. Usiache."

Mbao mbili! Nikaona rahisi. Kumbe aliyekaa mbele yangu anapiga katikati ya mapigo yangu, na kwake yeye mimi ndiye ninayeingia katikati. Kila nikimfuata napotea. Mzee akanishika kifundo cha mkono, akanipigisha mwenyewe, jasho lake likinidondokea.

"Usimsikilize huyo. Shika lako."

Nikalishika. Sijui ilichukua muda gani, ila ghafla nikasikia wimbo ukipita juu ya mbao, sauti nyembamba, wazi kabisa, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyekuwa akiupiga. Ulizaliwa katikati ya mikono yetu. Nywele zilinisimama.

Katika jazz niliyozoea kuisikia, mpigaji hungoja zamu yake ang'are. Pale hapakuwa na zamu. Ukitoa mkono mmoja, wimbo unakufa. Muziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ulivunjika mwaka 1966 jeshi la serikali liliposhambulia ikulu hiyo ya Mengo. Huu wa kijijini haukutegemea mfalme, ulitegemea majirani wanaokubali kukaa pamoja shimoni. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo asili ambayo mwanajazz anapaswa kuivukia bahari.

Tulipopumzika mzee akauliza kwetu tunapiga nini. Nikamwambia natoka Morogoro, kwa Mbaraka Mwinshehe. Akacheka kwa furaha. Bendi ya Mbaraka, Morogoro Jazz, aliisikia redioni enzi za malori.

"Gita la pili pale alipiga nani?"

Sikuwa na jibu. Baba yangu alizicheza nyimbo zile ujana wake wote, nami nimekua nikimsifu Mbaraka peke yake.

"Kamuulize baba yako," mzee akasema. "Huyo wa pili ndiye mwenye kazi."

Nikampigia baba palepale. Alitaja majina mawili, akayakana yote, kisha akasema atawauliza wenzake wa zamani.