Nani anawajibika kwa kifaa kilichomo kichwani mwa binti yangu?

Binti yangu alizaliwa hasikii. Leo anasikia kwa msaada wa kifaa kiitwacho kwa Kiingereza cochlear implant, chenye vipande viwili. Cha kwanza kimepandikizwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, na uzi wake mwembamba umeingizwa mpaka sikio la ndani. Cha pili ni mashine ya nje inayokaa sikioni, ikiwa na waya na kisahani chenye sumaku kinachonasa kichwani. Cha ndani kimekusudiwa akae nacho miaka na miaka, pengine mpaka uzeeni. Cha nje kina umri wake, na umri huo anaupanga mtengenezaji.

Mwaka huu muuzaji ametupa taarifa kwamba modeli yake haitengenezwi tena. Vipuri vilivyobaki vikiisha, tununue mashine mpya, na bei yake inazidi mshahara wangu wa mwaka mzima.

Mimi ni karani wa mahakama, Morogoro. Kusoma karatasi mpaka mstari wa mwisho ndiyo kazi yangu. Nikatoa kabatini fomu ya ridhaa tuliyosaini kabla ya upasuaji, pamoja na karatasi ya waranti. Fomu imeeleza vizuri hatari za dawa ya usingizi, maambukizi, na mshipa wa fahamu wa uso. Waranti imetaja muda wake na orodha ndefu ya mambo isiyoyagharamia. Juu ya siku ambayo mtengenezaji ataacha kuihudumia mashine, wakati kipande chake kingine kimo ndani ya fuvu la mtoto, hakuna hata sentensi moja.

Watu wakizungumzia teknolojia ya kuongezea mwili uwezo, mjadala hukimbilia mbali: binadamu wenye kumbukumbu isiyofutika, askari wasiochoka, chipu ya Neuralink ambayo mtu wa kwanza aliwekewa ubongoni Januari 2024. Sawa, tuyajadili. Lakini kwetu sisi tulio na vifaa hivi nyumbani, swali la haki na sheria limeshabisha hodi, nalo ni hili: kitu kikishaingia mwilini, aliyekiuza anadaiwa nini, na kwa muda gani?

Yaliyowapata wenzetu yanatisha. Kampuni ya Second Sight ya California ilitengeneza Argus II, kifaa cha kupandikizwa ndani ya jicho kwa watu waliopofuka kwa ugonjwa wa retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga. Kamera iliyo kwenye miwani inapeleka picha kwenye kompyuta ndogo inayovaliwa mwilini, nayo inarusha ishara kwa elektrodi 60, vichuma vidogo vya kupitisha umeme, zilizobandikwa kwenye retina. Ulaya waliiruhusu mwaka 2011, Marekani 2013. Bei ilikuwa kama dola 150,000, bila kuhesabu upasuaji, na zaidi ya watu 350 duniani waliwekewa. Mwaka 2019 kampuni ikaacha kuitengeneza, na 2020 ikapunguza karibu wafanyakazi wake wote. Wagonjwa wakabaki na chuma ndani ya macho, hawana fundi wala vipuri. Miwani ikivunjika, mwanga waliozoea kuuona unazimika, na hakuna mlango wa kubisha.

Australia mambo yalikwenda upande wa pili. Mwanamke mmoja mwenye kifafa aliwekewa ubongoni, katika jaribio la kampuni ya NeuroVista, kifaa kilichomtahadharisha kabla degedege halijaja. Maisha yakabadilika, akawa anatoka nyumbani bila woga. Kampuni ikaishiwa fedha, na wagonjwa wakatakiwa vifaa vitolewe. Yeye hakutaka. Alikuwa tayari hata kuweka nyumba rehani akinunue kile kilichomo kichwani mwake. Kikatolewa. Nikisoma kisa kile najiuliza ni hakimu gani angesema kifaa kile kilikuwa mali ya kampuni, kama friji iliyokopeshwa.

Kwetu matatizo hayajafika huko, lakini yanaanzia mahali padogo. Kinachokufa mara nyingi ni ule waya unaounganisha mashine na kisahani cha sumaku. Unakatika ndani kwa ndani, kwa nje unaonekana mzima. Mtoto ananigusa mkono, anasema, "Mama, imekufa," na kuanzia hapo hasikii lolote mpaka waya mwingine upatikane. Msusi wake ameshajua: anasuka twende kilioni akiacha kiduara cha nywele fupi nyuma ya sikio, sumaku ipate kushika. Usiku mashine inalala kwenye kikopo chenye vidonge vya kufyonza unyevu. Maisha yetu yamejipanga kuizunguka, na siku ambayo waya hautakuwepo sokoni ratiba zote hizo hazina maana.

Kuna la ridhaa pia. Mtoto wa miaka miwili haulizwi. Tuliamua sisi wazazi, nami bado naamini tuliamua vyema. Ila mwalimu mmoja kiziwi, rafiki wa kaka yangu, aliniandikia kwenye simu maneno ambayo hakuna mtaalamu aliyekuwa ameniambia: "Dada, akivua mashine ni kiziwi. Akioga ni kiziwi, akilala ni kiziwi. Mpe na lugha ya alama." Tukaanza kujifunza Lugha ya Alama ya Tanzania, nyumba nzima. Nadhani jambo hilo lingepaswa kuandikwa kwenye fomu ya ridhaa, lisiachwe kwenye bahati ya kuwa na rafiki kiziwi.

Halafu kuna taarifa. Tukienda kurekebishiwa sauti, mtaalamu anaunganisha mashine na kompyuta, na kwenye kioo inatokea ni saa ngapi mtoto ameivaa kwa siku, ngapi akiwa kwenye kelele, ngapi akiwa mahali palipo kimya. Kwa matibabu inasaidia sana. Lakini hayo ni maisha ya mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya na za watoto katika kundi nyeti. Nimeuliza nakala zinakwenda wapi. Bado nasubiri jibu. Chile walibadilisha katiba mwaka 2021 ili kulinda shughuli za ubongo na taarifa zake, na Agosti 2023 Mahakama ya Juu ikaiamuru Emotiv, kampuni inayouza vifaa vya kuvaa kichwani vya kupima shughuli za ubongo, ifute taarifa za ubongo za Guido Girardi, aliyewahi kuwa seneta. Kwa hiyo yanawezekana.

Tangu 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili inafanya upasuaji huu hapa nchini. Zamani watoto walipelekwa nje. Ni jambo la kujivunia, na maana yake ni kwamba idadi yetu inakua. Ninachotaka kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kwa Wizara ya Afya ni sharti wakati wa kusajili: anayeingiza kifaa cha kupandikizwa aahidi kwa maandishi vipuri na huduma kwa miaka inayojulikana, na akijitoa, awaachie mafundi wengine michoro na programu. Jimbo la Colorado, Marekani, lilipitisha mwaka 2022 sheria inayowalazimu watengenezaji wa viti vya umeme vya magurudumu kutoa vipuri na maelekezo ya ufundi. Kama kiti kinastahili ulinzi huo, kifaa kilichofungwa na ngozi kinastahili zaidi.

Barua yangu nimeshaiandika na wiki ijayo naipeleka. Wazazi wenzangu mlio na watoto kama wangu, piga picha namba ya modeli na namba ya utambulisho (serial number) ya vifaa vyote viwili, tunza kadi ya upasuaji, na mwombe muuzaji akujibu kwa maandishi vipuri vitakuwepo mpaka mwaka gani. Mkinitumia majibu hayo nitayaambatanisha na barua.