Mtaro huzibuliwa Februari

Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya maji ya mvua mijini. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inataka hatua za kukabiliana na mabadiliko hayo ziingie kwenye mpango wa maendeleo wa kaunti.

Mombasa masika huanza Machi, basi kuzibua mitaro ni Februari. Tope likichotwa lisiachwe ukingoni: mvua ya kwanza hulirudisha ndani, na chupa zake. Tena mdomo wa mtaro unaomwaga baharini ukaguliwe wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Bahari ikiufunika, mvua haina pa kwenda. Mtaro uliosafishwa jana hufurika leo. Hapo huwekwa kilango kinachofunguka kuelekea baharini tu. Lakini chupa moja ikikwama, hakifungi.