Mpwa wangu na video za muziki

Mpwa wangu ana miaka 13, na kwake wimbo haujakamilika mpaka auone. Juzi tulikuwa tunasikiliza redio, akaniuliza, "Mjomba, video yake ikoje?" Sikuwa na jibu. Baadaye alikaa mbele ya runinga, akazima sauti kabisa, akawa anafuatisha hatua moja ya mguu wa kushoto mpaka ikamkaa. Maneno ya wimbo wenyewe hajui hata nusu.

Watu wazima hulalamikia nguo na matusi. Sikatai, yapo. Kinachonikera zaidi ni yale magari na majumba, maana mtoto hajui kwamba mara nyingi hukodishwa kwa siku ya kurekodi tu, kisha yakarudi kwa wenyewe. Nilipomwambia hivyo alicheka akidhani namtania, halafu maswali yakaanza: na ile mikufu je? Na wanaocheza nyuma wanalipwa?

Tena kuna wale wasioonyeshwa. MTV, kituo cha runinga cha video za muziki, ilianza Marekani tarehe 1 Agosti 1981. Mwaka 1983 David Bowie, mwimbaji wa Uingereza, akihojiwa na kituo hichohicho, aliuliza kwa nini wasanii weusi walikuwa wachache kiasi kile. Kijana aliyekuwa akitazama angejuaje nani kaachwa nje?

Runinga simzimii. Nakaa naye na kumuuliza hili na lile, ingawa namchosha. Jana kaniomba ninyamaze kwanza, wimbo uishe.