Maji ya kijani ya bwawa la perege, mtu asikwambie ni uchafu

Watu wengi wanaoanza kufuga perege, maji ya bwawa yakianza kugeuka kijani wanapata presha, wanataka kuyatoa yote waweke maji masafi yanayoonekana mpaka chini, na mi kila nikisikia hivyo natamani nimshike mtu mkono nimpeleke kwenye hadubini aangalie tone moja tu, alafu ndo aamue. Maana yale maji ni chakula. Wafugaji wazoefu wanalijua hili bila hadubini yoyote, wanachovya mkono mpaka kwenye kiwiko, vidole vikianza kupotea machoni maji yanapofika kiwiko basi rangi imekaa sawa, ukiviona vizuri kabisa ongeza samadi, vikipotea mapema hata kabla maji hayajafika katikati ya mkono basi simamisha samadi kwanza. Kipimo kizuri sana hicho. Ila hakikwambii nani yumo humo ndani, na mimi hao waliomo ndo wananinyima usingizi.

Hadubini yangu ni ya kawaida, zile za maabara za sekondari, lenzi ya jicho inakuza mara 10 na chini kuna lenzi za mara 4, 10 na 40, kwa hiyo unapata 40, 100 na 400. Inatosha kabisa jamani, msidhani mnahitaji kitu cha mamilioni. Unadondosha tone kwenye slaidi, unalaza kile kioo kidogo cha kufunikia kwa kukiinamisha taratibu ili hewa itoke, maji yakizidi pembeni unayanyonya na kipande cha tishu. Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni mwanga, wanafungua taa mpaka mwisho alafu wanalalamika wanaona weupe mtupu, wakati viumbe vya majini vingi havina rangi, ukipunguza kile kitundu cha mwanga chini ya meza ya hadubini ndo kingo zao zinatokea, unashangaa kumbe walikuwepo muda wote. Na usichote maji katikati ya bwawa, huko utapata wachache. Kamua mizizi ya magugu yanayoelea au kwangua ule utelezi kwenye mti uliozama, tone la hapo linakuwa na msongamano balaa.

Ukianza na 400 ule ukijani wenyewe unavunjika vipande vipande. Si rangi, ni seli za mwani, kila moja na umbo lake, nyingine zimeshikana nne nne kwa mstari, nyingine duara, na katikati yao anapita yuglena, wa kijani pia lakini anaogelea, ana mkia mmoja mwembamba mbele unaomvuta, na karibu na hapo kuna kidoa chekundu kinachomsaidia kujua mwanga uko upande gani. Ana klorofili kama jani na bado anatembea, mi mpaka leo huyu nikimwona lazima nisimame naye kidogo.

Alafu kuna paramesiamu, kiumbe wa seli moja tu, huyu anakwenda mbio sana, ukitaka kumtuliza weka nyuzi chache za pamba kwenye tone atakwama kwama humo. Akitulia mwangalie mwilini, kuna vifuko viwili, kimoja kila upande, kinajaa maji taratibu, kinakuwa duara safi, alafu ghafla kinabana na kupotea, kinaanza tena. Maji ya bwawa yanaingia mwilini mwake muda wote kwa sababu ndani yake kuna chumvi kuliko nje, asipoyatoa anavimba anapasuka. Seli moja hiyo! Haina ubongo haina chochote na inajua kujitoa maji.

Rotifa, vinyama vidogo sana vya majini, wao kichwani wana vinyweleo vilivyopangwa duara, vinapigana kwa zamu kiasi kwamba unaona kabisa magurudumu mawili yanazunguka, kumbe hakuna kinachozunguka, ni kupishana tu kwa vinyweleo, na maji yanavutwa kuingia mdomoni. Ndani unaona taya zinasaga. Kuna kundi moja la rotifa, wale wanaojivuta kama mnyoo, hilo hajawahi kuonekana dume hata mmoja, wote majike na wanazaa hivyo hivyo. Na mwaka 2021 wanasayansi wa Urusi walitoa taarifa ya rotifa wa kundi hilo aliyetolewa kwenye udongo wa Siberia ulioganda tangu miaka kama 24,000 iliyopita, wakamyeyusha akaamka na akaendelea kuzaa. Nikiwaza hivyo alafu nawaona wenzake kwenye tone la bwawa la Morogoro, mwili unanisisimka.

Lakini anayejibu swali la uchafu ni moina, kidudu cha majini cha jamii moja na kamba. Huyu ni mkubwa, unamwona hata kwa macho, kidoa kinachorukaruka kwenye glasi, kwa hiyo mweke kwenye 40. Mwili wote unaangaza. Mama yangu mkubwa ana mabwawa, alikuwa amepanga kubadilisha maji yote, nikamwomba aangalie kwanza. Akaweka jicho, akakaa kimya, baadae akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiki kinachopigapiga mgongoni ni nini?" Nikamwambia moyo huo mama. "Moyo kabisa?" Moyo kabisa, na nyuma yake chini kuna mfuko wenye watoto. Alafu nikamwonyesha ule mstari wa kijani unaopita mwilini kuanzia kichwani mpaka nyuma, huo ni utumbo, na ukijani uliomo ni mwani aliokula humo humo bwawani. Moina anamla mwani, kifaranga cha perege kinamla moina, na perege mkubwa anachuja hata mwani wenyewe anaula. Samadi inalisha mwani. Maji hayakubadilishwa.

Na swali la ukijani huu si la leo. Mwaka 1674 mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft huko Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, alichota maji ya ziwa la karibu kwa sababu kila kiangazi yalikuwa yanachafuka na kuwa na mawingu ya kijani, na watu wa pale walikuwa wanasema ni umande. Akayaangalia kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe, akakuta nyuzi za kijani zilizojizungusha na vinyama vidogo vinatembea. Hakuwa na chuo kikuu. Alivyoendelea kuandika barua kwa chama cha wanasayansi cha London, Royal Society, watu walikuwa na mashaka, mpaka mwanasayansi wa chama hicho, Robert Hooke, alipofanya jaribio mbele ya wenzake mwaka 1677 na wao wakaviona.

Sasa nisieleweke vibaya, kijani nacho kina mipaka. Mchana mwani unatoa oksijeni lakini usiku nao unaitumia, ukizidi sana alfajiri utakuta samaki wako juu wanahema midomo wazi, na hapo unaweza kupoteza bwawa zima. Na kuna ule utando mzito wa kijani unaokaa juu ya maji na kunuka, ukiuangalia kwenye 400 ukakuta mafungu ya vidoa vidogo sana vilivyogandana kwenye ute, hiyo inaweza kuwa maikrosisti, ni bakteria, baadhi zina sumu ya ini, tunaziona hata Ziwa Victoria. Hayo maji mifugo isinywe.

Kingine, na hili naliomba sana, usiingize mikono mitupu kwenye bwawa lenye konokono. Vaa glavu na gambuti, na hata kile kipimo cha kiwiko tumia kijiti chenye sahani nyeupe mwishoni badala ya mkono. Vijidudu vya kichocho vinatoka kwa konokono hasa jua likiwa kali, vina mkia uliogawanyika mara mbili mwishoni, kwenye 40 unaviona vinajitupa tupa, na vinapita kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda. Ukishawahi kuoga au kufanya kazi kwenye maji ya hivyo nenda kituo cha afya ukapime, dawa ipo.

Kama huna bwawa karibu, chukua nyasi kavu weka kwenye chupa ya kioo, mimina maji ya mvua, iache wazi dirishani pasipopigwa na jua moja kwa moja. Siku za mwanzo maji yanakuwa na ukungu, hao ni bakteria, baada ya hapo wanaanza kuonekana wadogo wenye mikia, na kama wiki hivi wanafika wakubwa zaidi wa jamii ya paramesiamu kuwala wale bakteria, ukungu unapungua. Chota karibu na ule utando wa juu, ndo wanapojaa. Itanuka, hiyo kawaida, ukimaliza mwaga chooni na unawe mikono na sabuni.